Kutoka Stesheni hadi Mshahara wa Kwanza: Grace Abbott na Wahamiaji wa Chicago

Mhamiaji aliyefika ugenini bila kuijua lugha ya wenyeji huwa katika hatari kubwa zaidi kati ya siku anayoshuka kwenye treni na siku anayopokea mshahara wake wa kwanza. Katika kipindi hicho hana mwajiri wa kumtambua, hana chama cha wafanyakazi cha kumtetea, wala hajui bei ya kawaida ya jambo lolote, kuanzia nauli ya kufikishwa kwa ndugu yake hadi ada ya kutafutiwa kazi. Na kwa kuwa akiba yake hupungua kila siku, hawezi kungoja, hivyo mtu yeyote anayemwendea kwa lugha ya kwao na kumwahidi kibarua humkuta ameshakuwa tayari kukubali. Wizi wa kipindi hiki ni mwepesi kwa sababu aliyeibiwa mara nyingi hajui kuwa ameibiwa, na hata akijua, hajui mlango wa kupeleka malalamiko yake.

Sura hii inafuatilia kazi ya Grace Abbott, Mmarekani aliyeanza kuwahudumia wahamiaji jijini Chicago mwaka 1908 na ambaye, kwa njia moja au nyingine, aliendelea kuwatetea watu wasio na sauti hadi alipofariki mwaka 1939. Kazi hiyo inastahili kuchunguzwa kwa sababu inajibu swali ambalo kila anayesaidia wageni hukutana nalo mapema au baadaye: kwa nini msaada unaotolewa kwa moyo wote leo unalazimika kutolewa tena kesho, kwa mtu mwingine, kwa shida ileile? Jibu la Abbott, kama linavyoonekana katika matendo yake na katika maandishi yake, ni kwamba msaada hudumu pale tu shida ya mtu mmoja inapoandikwa, ikalinganishwa na shida za wenzake, kisha ikageuzwa kuwa kanuni inayombana yule aliyekuwa akifaidika nayo.

Jiji lililojaa wageni

Miaka ya mwanzo ya karne ya 20 ilikuwa kilele cha uhamiaji wa Wazungu kwenda Marekani. Mwaka 1907 peke yake waliingia watu 1,285,349, wengi wao kupitia kituo cha Ellis Island katika bandari ya New York, kilichofunguliwa mwaka 1892. Tofauti na wale waliotangulia, ambao wengi walitoka Uingereza, Ireland, Ujerumani na nchi za Skandinavia, wageni hawa wapya walitoka zaidi kusini na mashariki mwa Ulaya: Waitalia, Wapoland, Wagiriki, Wabulgaria, Wakroatia, Waslovakia, na Wayahudi waliokimbia mateso katika milki ya Urusi. Wengi walikuwa wakulima waliokuwa hawajawahi kuishi mjini, na waliingia moja kwa moja katika uchumi wa viwanda uliohitaji mikono mingi kwa ujira mdogo.

Chicago ilikuwa kitovu cha mtiririko huo katika maeneo ya ndani ya nchi. Reli zilizounganisha mashariki na magharibi zilikutana hapo, na kando yake palikuwa na machinjio makubwa, viwanda vya chuma, karakana za nguo na maghala. Sensa ya mwaka 1910 ilihesabu wakazi 2,185,283, na zaidi ya theluthi moja yao walikuwa wamezaliwa nje ya Marekani. Jiji lilikuwa pia soko la vibarua kwa majimbo jirani, kwani kampuni za reli zilizotaka watu wa kutandika njia, pamoja na wafanyabiashara wa mbao na wa barafu, zilituma maombi yao Chicago na kutegemea mawakala wa hapo kuwakusanyia makundi ya wanaume.

Mtikisiko wa fedha wa Oktoba 1907 uliharibu hesabu zote hizo. Viwanda vilipunguza watu, ujenzi wa reli ukasimama, na majira ya baridi yaliyofuata yakawakuta maelfu ya wageni hawana kazi wala ndugu. Ni katika hali hiyo ndipo taasisi iliyokuja kuitwa Jumuiya ya Kuwalinda Wahamiaji ilipoundwa mwaka 1908.

Nyumba ya Mtaa wa Halsted na binti wa Nebraska

Jumuiya hiyo ilichipuka katika mazingira ya Hull House, nyumba iliyoanzishwa na Jane Addams pamoja na Ellen Gates Starr mwaka 1889 katika Mtaa wa Halsted, kwa kuiga mfano wa Toynbee Hall ya London iliyofunguliwa mwaka 1884. Nyumba za aina hii zilijengwa juu ya wazo kwamba watu wenye elimu wahamie katika mtaa wa maskini na kuishi hapo kama majirani, wakitoa madarasa, malezi ya watoto, ukumbi wa mikutano na ushauri, huku wakijifunza kwa macho yao jinsi majirani zao wanavyoishi. Wakazi wa Hull House waliandika walichokiona: mwaka 1895 walichapisha ramani za mtaa wao zikionyesha, nyumba kwa nyumba, taifa la wapangaji na kipato cha kila kaya. Tabia hiyo ya kuandika kabla ya kulalamika ndiyo iliyomlea Abbott kikazi.

Grace Abbott alizaliwa tarehe 17 Novemba 1878 katika mji wa Grand Island, jimbo la Nebraska. Baba yake, Othman Abbott, alikuwa wakili aliyepigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mama yake, Elizabeth Griffin Abbott, alikulia katika madhehebu ya Wakweka na alikuwa mpinzani wa utumwa na mtetezi wa haki ya wanawake kupiga kura. Abbott alifundisha shule kwa miaka kadhaa kabla ya kwenda Chicago mwaka 1907, na mwaka 1909 alipata shahada ya uzamili katika sayansi ya siasa kutoka Chuo Kikuu cha Chicago. Aliishi Hull House kuanzia 1908 hadi 1917, pamoja na dada yake Edith, mchumi aliyekuja kuwa mkuu wa shule ya ustawi wa jamii katika chuo hichohicho.

Aliyemwita kuiongoza Jumuiya alikuwa Sophonisba Breckinridge, mwanamke wa kwanza kuruhusiwa kuwa wakili katika jimbo la Kentucky, naye Jaji Julian Mack akawa rais wa Jumuiya. Abbott alikuwa hajatimiza miaka 30. Hakuwa na uzoefu wa uhamiaji, lakini alikuwa na mambo mawili yaliyomfaa: elimu ya sheria na serikali, na tabia ya kutokubali maelezo yoyote mpaka ameyaona mwenyewe.

Safari isiyo na saa ya kufika

Tatizo la kwanza ambalo Jumuiya ililishughulikia lilihusu wasichana waliosafiri peke yao. Maofisa wa bandari waliandika jina la kila msichana na anwani ya ndugu aliyesema anakwenda kwake, na Jumuiya ilipata orodha za wale waliotaja Chicago. Wajumbe wake, yaani wafanyakazi waliozungumza lugha za wahamiaji, walikwenda kwenye anwani hizo ili kuhakikisha kwamba msichana amefika salama, na kwa kuendelea kumfuatilia wakamwelekeza kwenye madarasa ya jioni na kwenye kazi yenye staha. Waligundua kwamba wengi hawakupatikana. Anwani nyingine ziliandikwa vibaya na watu wasiojua Kiingereza, nyingine zilikuwa za nyumba ambazo ndugu alishahama, na katika visa vingine hapakuwa na njia yoyote ya kujua msichana alipotelea wapi kati ya bandari na jiji.

Uchunguzi wa sababu za upotevu huo ulimpeleka Abbott kwenye mpangilio wa safari zenyewe. Kampuni za reli ziligawana abiria wa Ellis Island kwa mafungu, ili kila kampuni ipate sehemu yake ya mapato, na kwa hiyo mgeni hakupelekwa kwa njia fupi bali kwa njia ya kampuni ambayo zamu yake ilikuwa imefika. Baadhi ya waliokuwa wakienda Chicago walisafirishwa kwanza kwa meli kuelekea kusini hadi Norfolk, Virginia, ndipo wakapanda treni. Treni za wahamiaji zilienda polepole na kuwekwa kando ili kupisha nyingine, kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema zingefika saa ngapi. Ndugu aliyekwenda stesheni kumpokea mgeni wake alingoja siku nzima, akarudi nyumbani, kisha mgeni akafika usiku wa manane na kuwakuta wenye magari ya farasi, wachukuzi wa mizigo na watu waliojifanya maofisa, wote wakigombania kumhudumia kwa bei waliyoitaka wao.

Mwaka 1910 Jumuiya ilifungua chumba cha kupokelea wageni karibu na Stesheni ya Dearborn, ambako treni nyingi za wahamiaji ziliishia. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Mgeni aliyeshuka aliingizwa humo, akapokelewa na mtu anayesema lugha yake, ndugu zake wakatafutwa kwa simu au kwa mjumbe, na ikilazimika akasindikizwa hadi mlangoni kwao au akakabidhiwa kwa dereva ambaye namba yake imeandikwa na nauli yake imekubaliwa mbele ya shahidi. Hapakuwa na sadaka yoyote katika huduma hiyo, kwa kuwa mgeni alijilipia nauli mwenyewe. Alichopewa ni taarifa sahihi na shahidi, vitu viwili ambavyo mwenyeji huvipata bure na ambavyo mgeni hukosa.

Hata hivyo Abbott hakuridhika na chumba hicho, kwani aliamini kwamba kazi kama hiyo ni ya serikali. Aliona kwamba serikali kuu ilitumia fedha nyingi kuamua nani aingie nchini, lakini haikujali yanayompata mtu huyo baada ya kuvuka lango. Chama cha hiari kingeweza kuonyesha njia, ila hakikuwa na mamlaka ya kumkataza tapeli kusimama stesheni, wala ya kuilazimisha kampuni ya reli kutangaza saa ya kufika.

Biashara ya kuuza kazi

Aliyefika salama kwa ndugu yake alikabiliwa na swali la pili, ambalo ni kazi. Mnamo 1908 Abbott alifanya uchunguzi wa mawakala wa ajira wa Chicago, yaani ofisi za watu binafsi zilizopokea ada kwa ajili ya kumuunganisha mtafuta kazi na mwajiri, na matokeo yake yakachapishwa mwaka huohuo katika jarida la sosholojia la Chuo Kikuu cha Chicago. Zilikuwapo ofisi zaidi ya mia moja zenye leseni, nyingine zikiwa ndani ya baa, duka la vyakula au ofisi ya kukatia tiketi za meli, na mara nyingi mtu mmoja alikuwa wakala wa kazi, mtunza akiba, mkalimani na mwenye nyumba ya kulala wageni kwa wakati mmoja. Mgeni aliyemtegemea mtu wa namna hiyo kwa kila kitu hakuwa na nafasi ya kumhoji kwa jambo lolote.

Kilichomshughulisha Abbott zaidi ni jinsi biashara hiyo ilivyopata faida yake. Kazi waliyouziwa wageni wanaume ilikuwa hasa ya makundi, yaani kundi zima la vibarua kupelekwa pamoja kwenye kambi ya reli, mara nyingi katika jimbo la mbali. Ada haikuwa na kiwango. Ilipanda pale kazi ilipokuwa adimu, na asiyejua Kiingereza alitozwa zaidi kwa sababu hakuweza kwenda kuuliza kwingine. Mkalimani wa kundi, ambaye alikuwa pia mnyapara wake, alipata sehemu ya ada hiyo, kwa hiyo alikuwa na faida katika kuwafukuza watu mapema ili nafasi zao ziuzwe upya. Hata pale ambapo hakuna aliyedanganya, kazi zenyewe zilikuwa za msimu: kibarua alilipa ada wakati wa kuchipua kwa majani, akafanya kazi kiangazi, akarudi Chicago majira ya baridi na kula akiba yake, kisha akalipa ada tena mwaka uliofuata. Mtu angeweza kuishi Marekani kwa miaka mingi katika mzunguko huo bila kujifunza lugha, bila kuishi karibu na Wamarekani, na bila kupanda hata ngazi moja ya ujuzi.

Udanganyifu ulipokuwapo, ulikuwa mkali. Walikuwapo wanaume waliolipa ada pamoja na nauli, wakasafirishwa mamia ya maili, wakafika na kukuta kazi haipo, au ipo kwa siku chache, au ujira wake ni mdogo kuliko ulioahidiwa. Kwa kuwa hawakuwa na fedha ya kurudia, walirudi Chicago kwa miguu wakifuata njia ya reli, na walipofika wakala alidai kwamba kosa ni la mwajiri, mwajiri akadai ni la wakala, na mkataba, kama ulikuwapo, ulikuwa umeandikwa kwa lugha wasiyoisoma. Kwa upande wa wanawake, waliotafutiwa kazi za nyumbani au za jikoni hotelini, hatari ilikuwa ya aina nyingine, kwani wapo waliotumwa mahali ambapo msichana hakupaswa kutumwa, na wakala hakuona kuwa ni wajibu wake kuchunguza.

Jimbo la Illinois lilikuwa na ofisi za ajira za umma zisizotoza ada tangu sheria ya mwaka 1899, lakini mhamiaji hakufaidika nazo ipasavyo, kwa kuwa hapakuwa na watu wa kuzungumza naye wala uhusiano na kazi alizozifanya. Huduma inaweza kuwa bure na bado ikawa mbali na anayeihitaji. Ndiyo maana Abbott alidai mambo mawili kwa pamoja: kwamba mawakala binafsi wasimamiwe kwa ukali, wakilazimika kueleza masharti ya kazi kwa maandishi na kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa, na kwamba ofisi za umma zipanuliwe na kupewa watu wenye lugha, ili wakala mbaya akose wateja. Mwaka 1909 Illinois ilipitisha sheria mpya ya kuwasimamia mawakala wa ajira, na Jumuiya ikaendelea kupokea malalamiko, kuyapeleka kwa wakaguzi wa jimbo na kudai marejesho ya ada, kwa sababu ilitambua kwamba sheria isiyo na mtu wa kuifuatilia huwa karatasi tu.

Daftari kama silaha

Mbinu ya Jumuiya inaweza kuelezwa kwa hatua nne. Kwanza, mjumbe alimsikiliza mtu mmoja na kumsaidia katika shida yake ya siku ile. Pili, kisa kiliandikwa kwa utaratibu uleule uliotumika kwa visa vingine vyote, ili viweze kulinganishwa. Tatu, visa vilipofikia wingi wa kuonyesha mwenendo, uchunguzi ulifanywa na matokeo kuchapishwa. Nne, matokeo yalipelekwa kwa bunge la jimbo, kwa jiji au kwa serikali kuu pamoja na pendekezo la kanuni. Kwa njia hiyo Abbott aliandika kuhusu Wagiriki na Wabulgaria wa Chicago, kuhusu wakunga waliowazalisha wanawake wahamiaji, na kuhusu mahakama, ambako mshtakiwa asiyejua Kiingereza aliweza kuhukumiwa kwa kutegemea mkalimani aliyeokotwa ukumbini.

Umuhimu wa hatua ya kwanza haupaswi kusahauliwa kwa sababu tu hatua ya nne inavutia zaidi. Wajumbe wa Jumuiya walikuwa wao wenyewe, kwa sehemu kubwa, watu wa jamii za wahamiaji, na bila wao Abbott asingejua lolote, kwa kuwa mwanamke wa Kipoland aliyenyimwa ujira wake asingemweleza mgeni mwenye shahada kile alichomweleza mtu wa kwao. Elimu ya Abbott iliwahitaji wao kama wao walivyoihitaji nafasi yake mbele ya wabunge.

Kazi hiyo ilimfikisha pia kwenye migogoro ya kazini. Septemba 1910 wasichana wachache wa karakana moja ya nguo jijini Chicago, wakiongozwa na Hannah Shapiro, mhamiaji kijana kutoka milki ya Urusi, waliacha kazi baada ya malipo ya kushona mfuko kupunguzwa kutoka senti 4 hadi senti 3¾, na ndani ya wiki chache wagomaji walifikia takribani 40,000, wengi wao wahamiaji wa mataifa mbalimbali. Abbott aliwaunga mkono. Mgomo huo ulivunja dhana iliyokuwa imeenea kwamba wageni wapya hukubali ujira wowote na hawawezi kuungana. Ulionyesha kwamba wanapopewa taarifa na lugha ya kuelewana, hudai haki zao kama watu wengine.

Ubishi kuhusu nani anastahili kuingia

Wakati Jumuiya ikifanya kazi hiyo, hoja ya kufunga milango ilikuwa ikipata nguvu. Tume ya bunge iliyoongozwa na Seneta William Dillingham kati ya 1907 na 1911 iliwagawa wahamiaji katika makundi mawili, wa zamani na wapya, na kudokeza kwamba wapya hawafai kama wenzao. Silaha iliyopendekezwa ilikuwa mtihani wa kusoma, ambapo kila mhamiaji mwenye umri wa zaidi ya miaka 16 angetakiwa kusoma maneno 30 hadi 40 katika lugha yoyote.

Mwaka 1911 Abbott alisafiri hadi Ulaya ya mashariki ili kuona vijiji walikotoka majirani zake wa Chicago, na mwaka 1912 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge kuupinga mtihani huo. Hoja yake ilikuwa kwamba kutojua kusoma kunapima nafasi ambayo mtu alinyimwa utotoni, wala hakupimi akili yake, bidii yake au uaminifu wake, na kwamba watu waliotawaliwa na dola zilizowanyima shule kwa lugha yao ndio wangeadhibiwa kwa kosa la watawala wao. Marais watatu kwa nyakati tofauti, yaani Cleveland, Taft na Wilson, waliukataa muswada wa aina hiyo, lakini mwaka 1917 bunge lilipuuza katazo la Wilson na kuupitisha. Mwaka huohuo Abbott alichapisha kitabu kilichokusanya uzoefu wake wote kuhusu mhamiaji na jamii inayompokea. Sheria za mwaka 1921 na 1924 zilifuata, zikiweka mgao kwa kila taifa. Ile ya 1924 ilihesabu asilimia 2 ya wazaliwa wa kila nchi waliokuwapo Marekani mwaka 1890, mwaka uliochaguliwa kwa makusudi kwa sababu Waitalia na Wapoland walikuwa bado wachache.

Ni haki kueleza pia mipaka ya harakati hizo. Vibarua wa Kichina walikuwa wamezuiwa kuingia tangu sheria ya mwaka 1882, na hawakuwa sehemu kubwa ya kazi ya Jumuiya. Wamarekani Weusi waliohamia Chicago kwa maelfu kutoka majimbo ya Kusini kuanzia 1916 walikutana na ulaghai uleule wa nyumba na kazi, wakiwa raia wa nchi hiyohiyo, na waliundiwa taasisi nyingine, Chicago Urban League, iliyoanzishwa mwaka huo.

Kutoka Chicago hadi Geneva

Mwaka 1917 Abbott alikwenda Washington kusimamia utekelezaji wa sheria ya kwanza ya serikali kuu dhidi ya ajira ya watoto, ambayo Mahakama ya Juu iliifuta mwaka 1918. Mwaka 1919 alirudi Illinois kuongoza tume ya jimbo ya wahamiaji, yaani ile kazi aliyoitaka ifanywe na serikali ikiwa sasa imekuwa ya serikali. Lakini mwaka 1921 tume hiyo ilinyimwa fedha na kufungwa. Mwaka huohuo aliteuliwa kuwa mkuu wa Idara ya Watoto ya serikali kuu, akaiongoza hadi 1934 na kusimamia mpango wa afya ya mama na mtoto uliodumu hadi 1929. Alishiriki katika kamati ya Shirikisho la Mataifa, mtangulizi wa Umoja wa Mataifa, lililokuwa na makao Geneva, kuhusu biashara haramu ya wanawake na watoto, na baada ya Marekani kujiunga na Shirika la Kazi Duniani mwaka 1934 alikuwa miongoni mwa wawakilishi wake. Alisaidia katika maandalizi ya sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1935, na alifariki Juni 1939 akiwa profesa wa Chuo Kikuu cha Chicago.

Mfululizo huo haukuwa wa kuruka kutoka jambo moja hadi jingine. Mtoto aliyefanya kazi kiwandani mara nyingi alikuwa mtoto wa mhamiaji aliyekosa ujira wa kutosha, na msichana aliyeuzwa alikuwa jamaa ya yule aliyepotea kati ya Ellis Island na Stesheni ya Dearborn. Abbott alifuata shida hadi kwenye chanzo chake, na kila hatua ilimwonyesha kwamba chanzo kiko mbali zaidi kuliko alivyodhani mwanzoni.

Swali lilelile kwa wasemaji wa Kiswahili

Mambo haya yanawagusa wasemaji wa Kiswahili kwa njia mbili za moja kwa moja. Ya kwanza ni ya wakimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya Marekani ya mwaka 1980 iliweka utaratibu unaofanana na ule ambao Abbott alikuwa ameudai: mkimbizi aliyekubaliwa alifika akiwa na ruhusa ya kufanya kazi, na shirika lenye mkataba na serikali lilimpokea uwanja wa ndege, likamtafutia nyumba, likamwandikishia watoto shuleni na kumsaidia kupata ajira, huduma za mwanzo zikitolewa hasa katika siku 90 za kwanza. Katika miaka ya 2010 Wakongo, baadhi yao wakitoka kambi na makazi ya Nyarugusu nchini Tanzania, Kakuma nchini Kenya na Nakivale nchini Uganda, walikuwa miongoni mwa makundi makubwa zaidi yaliyopokelewa kwa utaratibu huo, na mkalimani wa Kiswahili akawa mtu wa lazima katika ofisi za miji mingi ya Marekani. Anachofanya mkalimani huyo, anapomweleza mama wa Kikongo maana ya hati ya malipo au ya mkataba wa pango, ndicho walichofanya wajumbe wa Jumuiya zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango huo, na taasisi zilizoutegemea zikajikuta katika hali iliyoikumba tume ya Illinois mwaka 1921.

Ya pili ni ya mawakala wa ajira. Maelfu ya vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania hupelekwa na mawakala kufanya kazi za ndani, ulinzi na udereva katika nchi za Ghuba, ambako, katika nchi nyingi, utaratibu wa kafala umekuwa ukimfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja anayemdhamini. Ada inayotozwa kabla ya safari, mkataba usiosomeka, ahadi ya mshahara isiyolingana na mshahara wenyewe na mlolongo wa wahusika wanaosukumiana lawama ni mambo ambayo Abbott angeyatambua mara moja. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema katika kifungu chake cha 7 kwamba wakala binafsi asimtoze mfanyakazi ada wala gharama, isipokuwa katika hali maalumu zinazoruhusiwa. Kanuni hiyo ni tunda la mapambano ya vizazi kadhaa, na uchunguzi wa Chicago wa mwaka 1908 una nafasi yake katika historia hiyo.

Funzo la kazi ya Abbott kwa anayewasaidia wahamiaji leo, awe Nairobi, Dar es Salaam, Muscat au Chicago, ni kwamba huruma na sheria hazipaswi kutenganishwa. Anayemsindikiza mgeni mmoja hadi kazini amefanya jambo jema na la lazima, lakini akiweka kumbukumbu za njia aliyopita, za waliomtoza na za kiasi walichomtoza, amewaandalia wanaokuja nyuma ulinzi ambao yeye peke yake asingeweza kuwapa. Vilevile, serikali inayotunga sheria ya mawakala bila kuweka mtu anayesema lugha ya mfanyakazi mahali ambapo mfanyakazi yupo, iwe uwanja wa ndege, ubalozini au kwenye ofisi ya ajira, imeacha kazi nusu. Kuanguka kwa tume ya Illinois na kufungwa kwa milango katika miaka ya 1920 kunathibitisha kwamba mafanikio ya aina hii hayajilindi yenyewe; huhitaji watu wanaorudi kila mwaka na ushahidi mpya mikononi, tayari kuusoma mbele ya kila mwenye mamlaka mpaka asikie.